Upele hautibiwi kwa mutu mmoja
Mazungumzo ya munganga mwanamemba mbele ya mkutano mkuu

 

Nimeombwa niseme juu ya upele. Nasikia wengine wanacheka. Lakini sisi tuliorudi, pale familia mbili zinalala chumba kimoja zikingojea kujenga, upele si wa kucheka. Mutoto halali usiku, asubuhi anasinzia darasani. Tangu 2017, OMS imeuweka kati ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

Upele unaletwa na kadudu kadogo sana. Jike linachimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai mawili ama matatu kwa siku. Kwa kawaida mugonjwa anabeba tududu 10 hadi 15 tu. Sasa juu ya nini anajikuna mwili mzima? Ni kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inapigana.

Sikilizeni. Ndani ya kila chembe ya ngozi kuna jeni, ni kama maagizo ya kazi: zingine zimeamka, zingine zimelala. Wataalamu waliweka tududu juu ya ngozi iliyooteshwa katika maabara, wakaona jeni nyingi zinabadilisha kazi. Zingine zinaita askari wa mwili, zingine zinawatuliza. Kadudu nako kanatoa protini zinazofunga sehemu ya kinga, na hapo mikrobu zinapata njia: vidonda vinatoa usaha, na figo zinaweza kuumia.

Ndiyo maana mutu akiupata mara ya kwanza anaweza kukaa juma nne hadi sita bila kujikuna, na huku anaambukiza wengine. Akiupata tena, kinga inakumbuka: siku chache tu, ameanza.

Hapo ndipo feza ya dawa inapopotea. Anatibiwa mutoto anayejikuna, ndugu yake wanayelala naye anaachwa. Kisha upele unarudi, watu wanasema dawa ni ya bandia, ama jirani ameroga. Hapana. Kadudu kalikuwa palepale kitandani.

Kuna pia upele wa maganda, kwa mzee sana ama mutu ambaye kinga yake imeshuka. Mwili wake unatengeneza antibodi nyingi, lakini haziui kadudu. Anaweza kubeba maelfu, hata milioni. Huyo asifichwe wala kufukuzwa. Apelekwe kituo cha afya haraka.

Basi, naomba mambo matatu. Moja: nyumba nzima itibiwe siku moja, anayejikuna na asiyejikuna, na dawa irudiwe kisha siku 7 hadi 14, kama munganga atakavyosema. Mbili: nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, ama yafungwe ndani ya mfuko siku tatu au zaidi, kadudu hakaishi siku nyingi mbali na mutu. Tatu: vidonge vya ivermectin musigawiane. Mutoto wa chini ya kilo 15 na mama mwenye mimba hawapewi hivi hivi, na kwa mwenye filaria ya Loa loa mwilini vinaweza kuleta hatari kubwa. Muulize munganga kwanza.

Wafadhili wetu, mukitusaidia dawa, musihesabu wagonjwa. Muhesabu wote wanaolala ndani ya nyumba. Dawa ya nusu nyumba ni feza iliyotupwa.