Kaseti au Kinasa Sauti cha Kidijitali: Kipi Kitunze Kauli za Mkutano wa Kijiji?

Mada kwa wakazi wa kata



Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaridhia. Kwa hiyo, lililotamkwa mkutanoni leo huweza kuamua shamba ni la nani miaka mingi ijayo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Muhtasari uliotiwa saini ndio daftari hilo. Kinasa sauti humsaidia mtendaji kuuandika kwa usahihi.

Kaseti, iliyobuniwa na kampuni ya Philips na kuzinduliwa mwaka 1963, ina sifa zake. Haihitaji kompyuta, na vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo mgongoni mwake vikivunjwa, si rahisi mtu kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Hata hivyo, kaseti ya dakika 60 hubeba dakika 30 tu kila upande. Mjadala ukipamba moto, maneno hupotea wakati wa kuigeuza. Joto na unyevu huuharibu mkanda, na kila nakala hufifia kuliko ile ya awali.

Kinasa sauti cha kidijitali huhifadhi sauti kama faili. Saa moja ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 58, hivyo kadi ya gigabaiti 8 hubeba zaidi ya saa 100. Nakala hulingana kabisa na faili la awali. Lakini faili hufutika kwa kubonyeza tu, kadi huweza kuharibika ghafla, na saa ya chombo isiporekebishwa, faili hubeba tarehe isiyo ya kweli.

Kidijitali ndicho bora, ila kwa masharti. Wajumbe waarifiwe kabla ya kurekodiwa. Tarehe na ajenda zitamkwe mwanzoni. Nakala mbili zihifadhiwe mahali tofauti siku hiyohiyo. Kaseti za zamani zisitupwe. Sauti zake zihamishiwe kwenye kompyuta kungali mapema, mkanda ungali unasikika.

Mwananchi naye, anaposimama kuchangia, ataje jina lake kwanza, kwa maana sauti iliyorekodiwa haina sura.