Randa ya Mkono Wako Mwenyewe

(Hotuba kwa wanachama maseremala wa Kawangware, Riruta na Kangemi)



Nimeombwa kusema juu ya vifaa vya kazi, nami nimechagua kimoja tu, nacho ni randa. Sababu yake mnaijua. Kijana amejifunza useremala, anajua kupima na kukata, lakini hana randa. Akifika asubuhi kwenye vibanda vya Ngong Road hana budi kuazima, na jioni mwenye randa hutaka chake. Basi sehemu ya jasho lake imekwenda kabla hajanunua unga. Na akiwa chini ya mwajiri, randa ikianguka ikavunjika, huambiwa kwamba mshahara utakatwa.

Juu ya kukatwa, sikilizeni kwanza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea, ikiwa mfanyakazi amekosa kwa kusudi. Chuma kuvunjika katika kazi ya kawaida si kosa la kusudi. Tena makato yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Anayekatwa kinyume cha hayo amwendee mwakilishi wa chama, asinung'unike peke yake.

Lakini dawa ya kuazima ni kuwa na chako. Randa mpya ya chuma huko mjini ni ghali, na zile za bei rahisi mara nyingi uso wake wa chini umepinda tangu dukani. Randa ya mbao twaweza kuifanya nyumbani, kwa msumeno, patasi na gundi. Wala msidhani ni kitu cha kimaskini. Randa za Warumi zimechimbuliwa Pompeii, mji uliofunikwa na majivu mwaka 79. Neno lenyewe randa ni la Waajemi, nalo lilivuka bahari. Hata mafundi wa Kihindi waliojenga reli, iliyofika hapa Nairobi mwaka 1899, walilijua.

Tuanze na ulimi, maana pasipo ulimi mzuri mengine ni bure. Ukipata ulimi wa randa kuukuu iliyovunjika mwili, umekwisha pata nusu ya kazi. Kama huna, tafuta kipande cha springi ya lori. Kirinyaga Road na magereji yetu hayakosi. Mhunzi akinyoshe, akipunguze unene, akate upana wa inchi 1 na robo tatu. Kisha akitie moto ncha yake mpaka sumaku isishike tena, azidishe moto kidogo, halafu akichovye katika mafuta, si maji, kwa kuwa maji yaweza kukipasua. Hapo chuma ni kigumu lakini chavunjika kama kigae. Kisugue king'ae, ukipashe moto polepole mpaka kiwe na rangi ya nyasi kavu, uache. Ikifika buluu umekilainisha kupita kiasi, anza tena.

Sasa mti. Mzeituni wa mwitu, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu, ni mzito na mgumu, ndio ninaoupenda mimi. Mvule au meru oak hufaa pia. Mkaratusi mbichi usiuguse, utapinda wiki ya pili. Afadhali kipande cha kitanda au mlango wa zamani kilichokwisha kauka miaka mingi. Kata gogo la urefu wa inchi 10, upana inchi 3, kimo inchi 2 na nusu. Upande uliokuwa karibu na gome uwe chini.

Wengi hujaribu kuchimba shimo la ulimi kwa patasi toka juu, wakachoka. Njia nyepesi ni hii: pasua gogo kwa urefu, utoe mbavu mbili za robo inchi na nusu yake kila upande. Kipande cha katikati kibaki kipana kuliko ulimi kwa uzi tu. Kikate pande mbili, theluthi moja toka mbele: cha nyuma kiwe na mteremko wa nyuzi 45, ambapo ulimi utalala, na cha mbele kiteremke kwa nyuzi 60 ili maranda yapate njia ya kupanda. Mteremko wa nyuma uwe sawa kabisa. Ukiwa na kilima hata kidogo, ulimi utatetemeka na mbao itatoka na mawimbi.

Kabla ya gundi, toboa mbavu zote mbili na upitishe kijiti cha mviringo cha nusu inchi, mbele ya ulimi, ukiacha nafasi ya kabari kati yake na ulimi. Kisha gundi, ukibana kwa klampu au kwa kamba na kabari, ulale mpaka kesho. Katika kubandika, kinywa kisiwe wazi: vipande viwili karibu vigusane chini.

Siku ya pili weka ulimi na kabari, ukaze kama siku ya kazi lakini ncha isitokeze. Sugua uso wa chini juu ya msasa uliolala kwenye kioo mpaka uwe sawa. Kukaza kwanza ni lazima, kwa maana kabari huusukuma mwili. Mwisho fungua kinywa kwa tupa, kidogo kidogo, mpaka randa jembamba lipite. Kinywa kipana huchana mbao zenye nyuzi za kupindana.

Ukitaka ikate zaidi, gonga kichwa cha ulimi kwa nyundo ndogo. Ukitaka ipunguze, gonga kisigino cha randa, kisha kaza kabari. Paka mafuta ya kitani, usiiache juani. Mvua za Machi hata Mei zikija mti utavimba, kwa hiyo ijaribu tena juu ya kioo. Na baada ya miaka, kinywa kikipanuka, chonga kiraka cha mti mgumu ukipachike mbele ya kinywa, randa itakwenda tena.