Mangi Meli: Kijana Aliyerithi Kiti Kabla ya Kufundwa

Mazungumzo kwa wanakisomo wa Holili



Leo tunazungumza juu ya mtu wa mlima wetu. Jina lake ni Meli, mwana wa Rindi. Alikuwa Mangi wa Moshi. Alitawala miaka tisa tu, tangu 1891 mpaka 1900. Kisha Wajerumani walimnyonga.

Wengi wetu tunajua alivyokufa. Leo tunauliza swali jingine: alikipataje kiti, na alikuwa amefundishwa nini kabla ya kukikalia? Swali hili linatuhusu hata sisi tusio na umangi. Maana kila mwenye kihamba na watoto ana kitu cha kurithisha.

Nchi ndogo nyingi

Zamani hizo mlima huu haukuwa nchi moja. Ulikuwa na nchi ndogo nyingi: Siha, Machame, Kibosho, Moshi, Kilema, Marangu, na nyingine mpaka huku Rombo. Kila nchi ilikuwa na mangi wake, mifereji yake na vijana wake wa vita. Leo ukitembea kwa miguu unaweza kuvuka nchi mbili au tatu za zamani kabla ya saa sita mchana.

Moshi tunayoisema si mji wa leo. Ni Moshi ya juu, inayoitwa Old Moshi. Mji wa leo ulikua baadaye huku chini, reli ilipofika.

Rindi, mzee wa kupima wageni

Baba yake Meli aliitwa Rindi. Wageni wa pwani walimwita Mandara. Alikuwa kwenye kiti tangu miaka ya 1860. Naye pia alianza akiwa kijana. Lakini yeye alipata jambo moja kubwa: alipata muda. Maadui zake wa mwanzo walikuwa mamangi wenzake, watu wenye nguvu kama zake. Akianguka leo, aliweza kuinuka kesho. Alijifunza polepole, mwaka kwa mwaka.

Rindi alijua Kiswahili. Wafanyabiashara wa pwani walipita kwake wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Naye alitaka bunduki na nguo. Tusifiche: mamangi wengi wa wakati huo waliteka watu wa nchi jirani na kuwauza. Rindi alikuwa mmoja wao.

Kisha wakaja wageni wa namna nyingine. Mwaka 1884 alikuja Mwingereza, Harry Johnston. Mwaka 1885 alikuja Jenerali Mathews, mtu wa Sultani wa Zanzibar, na Rindi akaipokea bendera ya Sultani. Mwaka huohuo akaja Mjerumani, Karl Jühlke, na Rindi akafanya naye mkataba pia. Mwaka huohuo tena wamisionari Waingereza wakafungua kituo chao Moshi. Mwaka 1889 Rindi akatuma wajumbe wake mpaka Berlin kwa mfalme wa Ujerumani.

Mnaona, ndugu zangu? Rindi alimpa kila mgeni kigoda cha kukalia, lakini nyumba hakumpa mtu. Akitishwa na huyu, alimtaja yule. Ilikuwa akili kubwa. Lakini akili hiyo ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Mstari uliopita hapa Holili

Sasa sikilizeni jambo linalotugusa sisi wa Holili. Mwaka 1886, Rindi akiwa hai, Wajerumani na Waingereza walikaa Ulaya wakagawana nchi kwenye karatasi. Walipiga mstari toka pwani mpaka Ziwa Jipe, ukapita kati ya Taveta na nchi ya Wachagga, ukazunguka mlima kwa upande wa kaskazini. Taveta ikawa ya Waingereza. Mlima ukawa wa Wajerumani. Mpaka huu tunaouvuka kwenda sokoni Taveta ulianzia hapo. Rindi hakuitwa kwenye shauri lile, wala mangi mwingine yeyote.

Tangu siku ile, mchezo wa Rindi ulianza kufungwa. Waingereza hawakuweza tena kumsaidia dhidi ya Wajerumani, kwa kuwa walikwisha kubaliana. Mikataba ya karatasi ilikuwa imeandikwa na wageni, nao ndio walioijua maana yake.

Mwaka 1891 Rindi alifariki. Meli akarithi.

Kijana kwenye kiti

Mtoto wa mangi zamani alifundwa. Alifundwa vita, alifundwa habari za ng'ombe na mifereji, alisikiliza mashauri ya wazee. Mafunzo hayo yalimtosha mangi wa zamani. Lakini mwaka 1891 mlima ulikuwa umebadilika. Mwezi Februari mwaka huo Wajerumani waliipiga Kibosho na kumshinda Mangi Sina, shujaa mkubwa na adui wa Rindi. Rindi aliwasaidia Wajerumani katika vita ile. Bila shaka alifurahi kuona adui yake ameanguka. Lakini wahenga walisema: ukiona mwenzio ananyolewa, tia maji kichwa chako.

Mwaka huohuo akaja Karl Peters, mtu mkali sana. Ukatili wake ulimfanya afukuzwe kazi na serikali yake mwenyewe mwaka 1897. Peters alihamisha kituo cha Wajerumani toka Moshi akakipeleka Marangu, kwa Mangi Marealle. Basi, rafiki mkubwa wa Wajerumani sasa alikuwa Marealle. Moshi ikabaki pembeni.

Hali aliyoirithi Meli ndiyo hiyo. Alirithi kiti, bunduki na vijana wa vita. Alirithi na maadui wa baba yake. Hakurithi ile miaka thelathini ya kujua nani anasema nini na kwa nini. Elimu hiyo hairithiwi kwa kuvaa kofia ya baba. Ni lazima ufundishwe, au ujifunze kwa muda. Meli hakuwa na muda.

Ushindi na malipo yake

Mwezi Juni 1892, ofisa wa Kijerumani aitwaye von Bülow alipeleka askari Moshi kumpiga Meli. Vijana wa Moshi walisimama imara. Von Bülow aliuawa na jeshi lake likashindwa. Wajerumani wakauacha mlima kwa muda wakarudi pwani.

Huo ulikuwa ushindi wa kweli, tusiudharau. Lakini baada ya ushindi kunahitajika shauri: nani wa kupatana naye, nani wa kuungana naye? Kibosho ilikuwa imepigwa. Marangu ilikuwa upande wa Wajerumani. Wamisionari Waingereza nao walishukiwa na Wajerumani kuwa wamemsaidia Meli, wakalazimika kuondoka Moshi wakahamia Taveta. Meli akabaki peke yake.

Mwezi Agosti 1893 von Schele alikuja na jeshi kubwa. Pamoja naye walikuwapo wapiganaji Wachagga toka nchi jirani. Meli alishindwa. Wajerumani wakajenga boma lao papo hapo Moshi, na Kapteni Johannes akawa mkuu wake. Meli aliachiwa umangi, lakini sasa alikuwa chini ya boma. Watu wake walitakiwa kutoa kazi, na toka 1898 kodi ya nyumba.

Je, angelifundwa vizuri angelishinda? Hatuwezi kusema hivyo. Sina wa Kibosho alikuwa mzoefu wa miaka mingi, naye alishindwa. Lakini Sina baada ya kushindwa alikaa kimya, akafariki mwaka 1897 bado akiwa mangi. Nguvu ya Wajerumani ilikuwa kubwa, na iliongezwa na sisi wenyewe kwa kugawanyika.

Mwisho wake ulikuwa hivi. Boma lilipata habari kwamba mamangi kadhaa wanapanga kulishambulia. Waandishi wa historia wanamtaja Marealle kuwa ndiye aliyepeleka habari hizo. Tarehe 2 Machi 1900, watu 19 walinyongwa Moshi. Walikuwamo Meli wa Moshi, Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Wazee wa Old Moshi husimulia kwamba Meli alikaa saa nyingi kambani kabla ya kukata roho.

Inaaminika kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walilinganisha vinasaba (DNA) vya watu wa koo na vya mafuvu yaliyowekwa huko, wakatambua fuvu la Akida, mshauri wa Meli. La Meli lenyewe halikupatikana katika upimaji ule.

Na Marealle je? Mwaka 1904 yeye naye alishukiwa na Wajerumani, akakimbilia upande wa Waingereza, nchi ambayo leo ni Kenya. Aliyemtegemea mgeni hakupona hofu ya mgeni.

Tunajifunza nini?

Ndugu wanakisomo, wengine watasema Meli alikuwa kijana mwenye pupa. Sisi tunasema mzigo wa lawama usiwekwe kichwani mwa kijana peke yake. Rindi alijua mengi, lakini alipokufa, ujuzi ule ulizikwa naye.

Hebu tutazame nyumba zetu. Baba anajua masale ya mpaka wa kihamba yalipandwa na nani. Anajua zamu yake ya mfereji. Anajua ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki kule kijiji cha pili, na amezaa mara ngapi. Anajua deni la mahari ya dada yake. Mama anajua fedha zake ziko katika kikundi gani. Lakini mtoto akiuliza, anaambiwa, "Nyamaza, hayo ni mambo ya wakubwa." Kisha siku moja msiba unaingia. Mtoto anakalia kiti cha baba, na jirani anakuja na karatasi, anasema, "Baba yako aliniuzia hapa." Kijana atajibu nini?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumejaliwa kitu ambacho Rindi hakuwa nacho. Tunajua kusoma na kuandika. Basi tufanye mambo matatu.

Kwanza, nunua daftari moja la nyumba. Andika mipaka, madeni, mifugo iliyowekwa kwa watu na majina ya mashahidi.

Pili, usiweke alama yako kwenye karatasi usiyoielewa. Isome mwenyewe, mpe mwingine aisome, ndipo utie sahihi.

Tatu, mwite mtoto akae karibu wazee wanapozungumza. Mwite mvulana na msichana. Mwache asikie namna ya kupatana na namna ya kukataa. Mke naye ajue yote, maana yeye ndiye mara nyingi anayebaki.

Kufundisha hakungoji ugonjwa. Mzee anayehema kitandani hawezi kumaliza mafunzo ya miaka thelathini kwa usiku mmoja.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini Rindi aliweza kukaa na wageni wa namna nyingi, lakini Meli hakuweza?
2. Ukifariki leo, ni jambo gani la nyumba yako ambalo hakuna mwingine anayelijua?
3. Utamwambia nani jambo hilo wiki hii, na utaliandika wapi?