EDOMU ALIKATAA NJIA
Somo: Hesabu 20:14–21



Israeli walipofika mpakani mwa Edomu, waliomba kitu kimoja tu: njia ya kupita. Hawakuomba shamba wala kisima. Waliahidi kufuata barabara bila kugeuka, na hata maji ambayo wangekunywa walikuwa tayari kuyalipia. Edomu alikuwa ndugu yao, uzao wa Esau. Lakini alikataa, akatoka na watu wengi wenye silaha, akaziba barabara. Miaka mingi baadaye nabii Obadia (mstari wa 14) anamhesabia Edomu dhambi ya namna hiyohiyo: kusimama kwenye njia panda na kuwazuia wanaokimbia kuokoa maisha yao. Mungu hasahau njia iliyozibwa.

Sisi wa Lualaba tuna njia ya namna hiyo. Kaskazini-mashariki mwa Kolwezi iko Parke ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939. Upande wa mashariki iko Parke ya Kundelungu, ya mwaka 1970. Katikati yake kuna milima na pori, ambamo wanyama wanapaswa kupita kufuata maji na majani mabichi. Pundamilia wa mwisho wa Kongo wako Upemba. Tembo wamebaki wachache. Kundi likifungiwa mahali pamoja, huzaana ndugu kwa ndugu, hudhoofika, na mwisho hukwisha. Na karibu zaidi na mji wetu, katika hifadhi ya Basse-Kando, migodi imeingia mpaka ndani.

Wazee wanajua kwamba Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891, alitajirika kwa shaba na pembe za tembo. Shaba tunayo bado. Tembo je?

Nani anaziba njia? Ni rahisi kunyosha kidole kwa wenye migodi, na kweli vilima vingine vyetu vimekuwa mashimo. Lakini hukumu ianze nyumbani mwa Bwana. Kwenye semina yetu iliyopita tulipika siku tatu kwa makala, na hakuna kati yetu aliyeuliza yametoka pori gani. Nyama ya pori ilipoletwa mezani kwa wageni, tuliomba baraka tukala.

Tusiseme neno hili kwa wepesi. Kijana wa kanisa letu anayekata miti hachukii kazi ya Mungu. Anatafuta pesa ya shule na bukari ya watoto. Na mama mwenye shamba mlimani atatuambia: Israeli waliahidi kutokanyaga shamba, lakini tembo hajui kuahidi, usiku mmoja anamaliza mahindi ya mwaka. Ni kweli. Kwa hiyo mzigo huu si wa maskini wa kijijini peke yake. Shoka liko mikononi mwake, lakini anayenunua mfuko ni sisi wa mjini.

Mungu ametupa kipimo. Kumbukumbu la Torati 22:6–7 inaruhusu kuchukua makinda ya ndege, lakini inakataza kumchukua mama pamoja nao. Tule, ila tuache kitakachozaa kesho. Tukiharibu milima, hata sahani yetu itajua: maji yake yanashuka kwenye Lufira na Lualaba mpaka maziwa ya Upemba, yanakotoka samaki wa Kikondja tunaowanunua sokoni.

Basi tufanye haya. Wamama walowanishe maharage usiku, wafunike sufuria, na watumie mbabula isiyopoteza moto. Tukatae nyama ya pori, hata harusini. Wenye mashamba karibu na njia ya wanyama waache pori kando ya mto, na kanisa lisimame nao mbele ya shefu na serikali wanapodai malipo ya mazao yaliyoharibiwa. Na kijana anayeacha makala asiachwe na njaa: papa mwenye karakana amfundishe kazi.

Tuwaombee pia walinzi wa parke; wengine wamekufa kazini, wakaacha wajane na yatima.

Sisi wenyewe tulikuwa wapitaji tusio na njia, na Kristo akatufungulia. Aliyefunguliwa njia asizibe ya mwingine.

Bwana awabariki. Amina.