Baraza la Historia na Mlango wa Hoteli



Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba jarida la wasomi si karatasi za kujaza kabati za maktaba tu. Jarida ni baraza ambamo huamuliwa jambo lipi liitwe historia na lipi liachwe kuwa uvumi. Kwa hiyo, nani aruhusiwe kuingia katika baraza hilo ni suala la historia yenyewe.

Chama cha Wanahistoria wa Kusini mwa Marekani kiliundwa mjini Birmingham, Alabama, Novemba 1934. Jarida lake la historia ya Kusini lilianza kutoka Februari 1935, likihaririwa na Wendell Holmes Stephenson katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Rais wake wa kwanza, E. Merton Coulter, alikuwa hodari wa kukusanya nyaraka. Lakini kukusanya ni jambo moja, na kupima kwa haki ni jingine. Katika kitabu chake cha 1947 kuhusu miaka iliyofuata kufutwa kwa utumwa, aliwaonyesha watu Weusi waliopata kura kuwa hawakuistahili.

Mwaka 1948 alijibiwa. Aliyemjibu ni John Hope Franklin, mwanahistoria Mweusi aliyezaliwa Oklahoma 1915 na kupata udaktari wake Harvard. Jibu hilo halikutoka katika jarida la chama. Lilichapishwa katika jarida la elimu ya Wamarekani Weusi.

Franklin aliufahamu ubaguzi wa mezani na wa kabatini pia. Mwaka 1939, alipokwenda kutafiti katika Nyaraka za Jimbo la North Carolina, mjini Raleigh, ilibidi asubiri siku kadhaa atengewe chumba chake peke yake. Kwa kuwa watumishi Wazungu hawakutakiwa kumhudumia, alipewa ufunguo ajichukulie nyaraka mwenyewe. Watafiti Wazungu walipoona hivyo wakalalamika, nao wakataka funguo! Ufunguo ukarudishwa, na watumishi wakaamriwa kumhudumia. Hivyo ndivyo ubaguzi unavyojikanyaga wenyewe.

Mwaka 1949, C. Vann Woodward, aliyekabidhiwa ratiba ya mkutano wa chama huko Williamsburg, Virginia, alimwalika Franklin kutoa mada. Hapo ndipo maswali yalipozuka: atalala wapi, na atakula na nani? Wasomi waliobobea katika vita na katiba wakatatizwa na kitanda kimoja na sahani moja. Hata hivyo Franklin alifika, akasoma mada yake katika kikao kilichoongozwa na Henry Steele Commager, akawa Mweusi wa kwanza kufanya hivyo katika mikutano ya chama hicho.

Isidhaniwe kwamba mlango ulifunguka wote siku ile. Hoteli nyingi za Kusini zilibaki na sheria zao, na kila mji uliochaguliwa kwa mkutano ulirudisha maswali yale yale. Mwaka 1955, mjini Memphis, mwandishi William Faulkner na mwalimu Mweusi Benjamin Mays walizungumza mbele ya wanachama juu ya hukumu ya Mahakama Kuu dhidi ya ubaguzi mashuleni.

Franklin alishika urais wa chama kwa mwaka wa 1970 hadi 1971. Hotuba yake ya urais, iliyohusu Kusini na ukaidi wake mbele ya mabadiliko, ilitolewa Novemba 1971. Ilichapishwa Februari 1972, katika jarida lile lile lililoanzishwa wakati chama kikiongozwa na Coulter.