Kiti, Faili na Ngazi: Afya ya Mtumishi wa Mezani

Hadi miaka ya karibuni, faili katika ofisi za serikali ya Tanzania lilikuwa na safari zake. Lilitoka masijala, likapanda ngazi kwapani mwa mhudumu hadi kwa ofisa, likateremka na dokezo, likapanda tena kwa mkurugenzi kusainiwa. Bosi alibonyeza kengele tu. Mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wote katika jengo ndiye aliyekuwa akifanya mazoezi kwa gharama ya serikali, kila siku ya kazi, bila kuvaa raba. Sasa mfumo wa e-Ofisi umelihamishia faili kwenye skrini, na dokezo linafika ghorofa ya sita kabla aliyeliandika hajanyanyua kikombe cha chai. Kazi zinakwenda kasi, na hilo ni jema. Ila mhudumu naye sasa amekaa.

Mada hii imeandaliwa kwa maofisa utumishi na wakuu wa vitengo, na inashikilia jambo moja: mwili wa mtumishi wa mezani unaumizwa na mpangilio wa ofisi kuliko uvivu wake mwenyewe. Kwa hiyo tiba ianzie kwenye mpangilio huo.

Ushahidi wa kwanza mzito ulitoka kwenye mabasi ya London. Mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari Jerry Morris na wenzake walianza kuwafuatilia wafanyakazi wa usafiri wapatao 31,000. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva alikaa zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, vidato mia kadhaa kwa siku. Wote waliajiriwa na shirika moja na kuzunguka katika mitaa ile ile. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953 katika jarida la The Lancet: makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliougua hawakufa kwa wingi na kwa ghafla kama wenzao wa usukani. Watumishi wa posta nao walionyesha sura hiyo hiyo, wabeba barua wakiwa na nafuu kuliko makarani wa ndani.

Kinachomfanya Morris aaminike ni kwamba hakuridhika na ushindi wake. Alirudi kwenye stoo ya sare, akachunguza vipimo vya suruali, na mwaka 1956 akaandika kwamba madereva walikuwa na viuno vipana tangu siku walipoajiriwa. Yaani huenda sehemu ya tofauti ile waliingia nayo kazini. Utafiti uliofuata kwa miongo kadhaa haukuufuta msingi wake: mwili usiotumika hulipa gharama. Morris mwenyewe aliishi hadi miaka 99.

Je, kosa ni kukaa kwenyewe? Jibu zuri linapatikana hapa hapa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2020 timu ya David Raichlen ilichapisha matokeo ya vipimo vya Wahadzabe waliofungwa vifaa vidogo vya kurekodi mijongeo. Wawindaji hao na wachimba mizizi, ambao kila mtu hudhani hawatulii, walipumzika karibu saa 10 kwa siku. Hizo zinakaribiana na saa za mhasibu wa Posta au karani wa mahakama! Tofauti iko kwenye namna ya kupumzika. Mhadzabe huchuchumaa, hupiga magoti, hukaa chini na kuinuka tena, na vipimo vya misuli vilionyesha kwamba anayechuchumaa anaifanyisha miguu yake kazi zaidi kuliko aliyekaa kitini. Bila shaka Wahadzabe pia hutembea sana, na chakula chao si chipsi mayai. Hata hivyo, picha inabadilika: saa za kukaa si adui peke yake, adui mkubwa ni misuli kuzimwa kwa muda mrefu mfululizo.

Misuli ya mapaja na mashavu ya miguu ni miongoni mwa mikubwa mwilini. Inapofanya kazi hufyonza sukari kutoka kwenye damu, hata pale insulini inaposuasua. Kuna pia kimeng'enya kinachoisaidia kuchukua mafuta yaliyomo kwenye damu, nacho hulegea mtu asiponyanyuka. Mashavu ya miguu yana kazi nyingine tena, ya kusukuma damu irudi juu kwenye moyo. Yakinyamaza, maji yanatuama miguuni, ndiyo maana kiatu kilichoingia vizuri asubuhi kinabana ifikapo saa kumi jioni, na mtumishi anakivua kwa siri chini ya meza.

Habari njema ni kwamba misuli hiyo haidai mengi. Nchini Australia, utafiti wa mwaka 2012 uliwakalisha watu wenye uzito mkubwa na kuwanywesha kinywaji chenye sukari. Siku waliyoinuka kila dakika 20 na kutembea taratibu kwa dakika mbili tu, sukari iliyopanda baada ya kinywaji ilipungua kwa takribani robo ikilinganishwa na siku waliyokaa mfululizo. Dakika mbili ni mwendo wa kwenda kujaza glasi ya maji mwisho wa korido na kurudi.

Hapa ndipo sera ya mazoezi nchini Tanzania inapohitaji kuongezewa kitu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uligundua kuwa takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na wapatao 9 kwa kila 100 wana kisukari. Mwishoni mwa 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itengwe kwa mazoezi. Zanzibar inayo siku yake, tarehe 1 Januari. Kigali tangu 2016 hufunga barabara kadhaa Jumapili fulani ili watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Dar es Salaam vikundi vya joging hutoka alfajiri kwa nyimbo na filimbi, na raha yake haielezeki kwa takwimu.

Lakini Jumamosi moja haiwezi kubeba mwezi mzima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli walau siku mbili. Uchambuzi uliochapishwa 2016, uliohusisha watu zaidi ya milioni moja, ulionyesha kuwa anayekaa zaidi ya saa 8 kwa siku anahitaji kiasi cha dakika 60 hadi 75 za mazoezi kila siku ili kuifuta hatari ya ziada. Ni nani atazipata, naye ameamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala ya Mbagala?

Basi zitafutwe ndani ya siku ya kazi. Kikao cha watu watatu kinaweza kufanyika kwa kutembea uani. Printa moja ya korido inatosha vyumba vinne. Simu ipokelewe kwa kusimama. Kompyuta mpakato ikiinuliwa kwa rimu mbili za karatasi na kuunganishwa na kibodi ya pembeni, shingo inapumua. Wenye viatu vya mchuchumio wanalijua suluhisho siku nyingi: ndala chini ya meza. Waumini wanaokwenda kuswali adhuhuri na alasiri tayari wanainuka, wanarukuu na kusujudu, na mkuu wa kitengo anayewanunia kwa kuacha meza anahesabu vibaya. Semina nazo hazina msamaha: mshiriki anaketishwa tangu saa mbili na nusu hadi jioni, anainuliwa na chai ya saa nne tu, sambusa mbili, andazi na soda, kisha anaketishwa tena kusikiliza mada ya afya.

Linabaki kundi ambalo ushauri huu wote unalipita juu: keshia wa benki, mpokea simu wa huduma kwa wateja, karani wa dirishani. Hawa hawajiinukii. Foleni iko mbele yao, na wapo ambao mfumo unahesabu hadi sekunde za kutokuwepo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya walau dakika 60, na saa hiyo mara nyingi huliwa mezani pamoja na wali. Kwa dirisha la huduma, pendekezo la mada hii ni ratiba ya kupokezana: kila nusu saa au saa moja keshia mmoja anatoka kwa dakika tano, wa akiba anashika nafasi, na msimamizi anaziandika dakika hizo kwenye ratiba ya zamu kama sehemu ya kazi, zisihesabiwe kuwa utoro.