Jiko la Kuni na Moshi Unaorudi Ndani

Moshi ukirudi ndani badala ya kupanda bombani, lawama humwangukia fundi aliyejenga jiko. Mara nyingi kosa ni kuni mbichi, au bomba limejaa masizi. Jiko lipoe kwanza, ndipo bomba lisuguliwe. Lipite juu ya paa, lisigusane na mbao.

Lakini kinachoua kimya kimya ni makaa. Hayana moshi mwingi, basi baridi ya Julai ikizidi, watu huingiza jiko chumbani, wakafunga madirisha, wakalala. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Anayeumwa kichwa, anayetapika au kulegea atolewe nje upesi, apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu.

Jivu nalo huficha moto usiku kucha. Liwekwe nje, ndani ya debe la bati.